Mnaosema tujitoe Jumuiya, nani atakaa foleni?

Nimekaa kimya wiki kadhaa, mniwie radhi wasomaji wangu. Chumba cha habari kimenibana na mshahara ni ule ule. Leo nimerudi kwa sababu kuna kauli moja inanikera, na juzi nimeisikia tena ndani ya basi nikitokea Nairobi. Jirani yangu kwenye kiti, kijana wa rika langu, msomi, shati limenyooka, alikuwa anasoma habari za ugomvi wetu na Wakenya kwenye simu. Akaitupa simu mapajani, akasema kwa sauti ya kuhutubia: "Hii Jumuiya haina maana. Tujitoe tu, tubaki na nchi yetu." Nusu ya basi ikaitikia.

Nusu saa baadaye tukafika Namanga. Tukaingia kwenye jengo moja, dirisha la kwanza ofisa wa Kenya akamgongea muhuri wa kutoka, dirisha la pili ofisa wetu akamgongea wa kuingia. Hakuulizwa viza, hakuulizwa ana shilingi ngapi mfukoni. Akatoka, akanunua soda na karanga. Nikamfuata. "Kaka, tukishajitoa utapitaje hapa?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwani zamani watu walikuwa hawaendi Nairobi?"

Zamani! Hivi jamani, tulisomeshwa historia gani? Zamani ipi anayoizungumzia?

Ngoja nimkumbushe. Jumuiya ya kwanza ilianza Desemba 1967. Ilikuwa na reli moja, posta moja, bandari, shirika moja la ndege. Mwanzoni mwa 1977 shirika lile la ndege likazama, Kenya ikaanzisha lake, na Februari ya mwaka ule ule Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Ikafunga kabisa, si kuongeza ukaguzi. Magari ya watalii yenye namba za Kenya yakashikwa upande wetu, wageni waliokuja kuona simba wakajikuta hawana usafiri. Katikati ya mwaka Jumuiya yenyewe ikafa. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, baada ya Nyerere, Moi na Obote kukutana Arusha na kumaliza hesabu za nani anamdai nani, kazi ambayo mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alikuwa ameihangaikia kwa miaka. Karibu miaka 7 mtu wa Arusha na mtu wa Kajiado walitazamana kama wako sayari tofauti. Hiyo ndiyo zamani yake.

Kwetu hiyo si habari ya kitabuni. Mama yangu ni mtu wa Tarakea, Rombo. Dada yake mkubwa, ambaye mimi namwita mama mkubwa, aliolewa Loitokitok mwaka 1974. Anayejua kule anajua kwamba hiyo si safari. Watu walikuwa wanatoka asubuhi na ndizi kwenda kuuza ng'ambo, jioni wako nyumbani wanapika. Babu alipofariki mwaka 1979, mpaka umefungwa. Habari ilimfikia mama mkubwa kwa mdomo wa mfanyabiashara wa magendo, maana hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa anapita. Akaondoka usiku kwa njia za panya, mtoto mgongoni, akijificha kila akisikia mbwa wanabweka, kwa sababu mbwa akibweka maana yake kuna askari. Alifika siku moja baada ya mazishi. Mama alikuwa na miaka 8, anasema alichokikumbuka ni dada yake kukaa kwenye udongo mbichi wa kaburi bila kulia, matope hadi magotini. Kesho yake usiku akarudi alikotoka, maana angekutwa mchana angeshikwa kama mhalifu. Kwenye shamba la baba yake mwenyewe!

Halafu mtu mwenye shahada ananiuliza kwani zamani watu walikuwa hawaendi.

Na msidhani yale yameisha yote. Kati ya Serengeti na Maasai Mara kuna njia ya gari iliyokuwa inapita Bologonja kwenda geti la Sand River. Ilifungwa 1977. Jumuiya mpya imekuja, mkataba ukasainiwa Novemba 1999, ukaanza kazi Julai 2000, lakini njia ile haijafunguliwa kwa watalii. Mtalii anayetaka kuona pande zote mbili anazunguka hadi Sirari au Namanga, au anapanda ndege, wakati nyumbu wanavuka pale pale kila mwaka. Unaweza kuwa na sababu nzuri za kutetea hilo, za mazingira na za biashara ya utalii wetu, nimewasikia wanaozitetea na si wajinga. Ninachosema ni kwamba geti hufungwa kwa siku moja na kulifungua kunahitaji kizazi.

Najua utaniambia 1977 hakuna aliyejitoa, nyumba iliwaangukia wote. Sawa. Tumchukue aliyejitoa kwa hiari, kwa kura, mchana kweupe. Uingereza walipiga kura Juni 2016, waliotaka kutoka Umoja wa Ulaya wakapata asilimia 51.9. Wakatoka rasmi 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha siku ya mwisho ya mwaka huo. Kumbuka Uingereza hawakuwahi kuwa ndani ya Schengen, kwa hiyo hata zamani walikuwa wanaonyesha pasipoti wakivuka kwenda Ufaransa. Lakini kuonyesha kulikuwa kuonyesha tu: ofisa anaangalia sura, anaangalia picha, pita. Alikuwa hana mamlaka ya kumuuliza unakwenda kufanya nini, kwa sababu yule alikuwa na haki ya kwenda, kukaa na kufanya kazi.

Leo Mwingereza huyo huyo anapanga mstari wa wageni, pamoja na sisi. Anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, mwenye nyumba yake ya mapumziko Hispania anahesabu siku kwa vidole. Ofisa anaweza kumuuliza tiketi ya kurudi, atafikia wapi, ana fedha za kutosha? Maswali tunayoyajua sisi kwa moyo! Tangu Oktoba 2025 Ulaya wameanza mfumo mpya, anachukuliwa alama za vidole na picha ya uso. Na Waingereza nao wamelipiza: kuanzia Oktoba 2021 Mfaransa hawezi tena kuingia kwa kitambulisho chake cha uraia kama ilivyozoeleka, lazima pasipoti, na tangu Aprili 2025 lazima aombe kibali mtandaoni kabla ya kupanda ndege, na anakilipia. Walichopata ni pasipoti ya buluu. Hata yangu ni ya buluu, na haijawahi kunisaidia mbele ya dirisha la ubalozi wowote wa Ulaya.

Ila kuna kona moja ya habari hiyo ambayo rafiki yangu wa kwenye basi angeitumia kunishinda, kwa hiyo naisema mwenyewe. Kati ya Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, iliyobaki Ulaya, hakuna hata kizuizi kimoja cha kukagua watu. Unapita na gari bila kujua umevuka. Kumbe unaweza kujitoa na mpaka ukabaki wazi! Ndiyo, lakini angalia gharama. Nchi hizo mbili zilikuwa na makubaliano yao ya kusafiri tangu miaka ya 1920, kabla Umoja wa Ulaya haujafikiriwa, na amani ya 1998 ilikuwa imejengwa juu ya mpaka usioonekana. Ili kuulinda, walibishana miaka, serikali zikayumba, na mwishowe ukaguzi wa bidhaa ukahamishiwa baharini, ndani ya nchi yao wenyewe. Sisi na Kenya tuna makubaliano gani ya namna hiyo pembeni, yatakayosimama Jumuiya ikianguka? Tulikuwa na undugu 1977. Mama mkubwa alikuwa nao tele.

Afrika nako wapo waliojitoa. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza Januari 2024 kwamba zinaondoka ECOWAS, na 29 Januari 2025 zikaondoka. Mipaka haikufungwa. Watu wa ECOWAS waliambiwa wataendelea kuingia bila viza, na ECOWAS nayo ikaagiza pasipoti za wale watatu ziendelee kupokelewa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Wapenda kujitoa wanashangilia: mmeona? Mimi nimesoma maneno ya mwisho, "hadi itakapotangazwa vinginevyo". Wapo zaidi ya milioni moja wenye asili ya Burkina Faso wanaoishi Ivory Coast, wana mashamba ya kakao, wana watoto shule. Juzi walikuwa pale kwa mkataba wa mwaka 1979. Leo wako pale kwa tangazo, na tangazo hutenguliwa na mtu mmoja akiamka vibaya.

Hapo ndipo ninapogombana na kijana wangu. Tukijitoa, haina maana kesho yake Namanga patawekwa ukuta. Inawezekana tusidaiwe hata viza. Kitakachoondoka ni itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza Julai 2010, inayompa ofisa wa dirishani wajibu wa kukupa hadi miezi 6 ukiwa na hati sahihi. Bila hiyo unaingia kwa huruma. Na sote tunajua huruma ya dirishani inavyokuwa. Kuna mpaka nisioutaja nilikoambiwa "sasa tufanyeje ndugu mwandishi" nikiwa na karatasi zote mkononi.

Sisemi Jumuiya hii ni peponi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda walianza kutembeleana kwa vitambulisho vya taifa mwaka 2014, sisi tukabaki nyuma na pasipoti na hati za dharura. Januari 2024 tulitangaza kuzuia ndege za Kenya Airways kutoka Nairobi, kisa ndege yetu ya mizigo, kisha tukarudi nyuma haraka. Mei 2025 Martha Karua, wakili na waziri wa zamani wa Kenya, alikuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu akarudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar. Julai 2025 tukatoa agizo la kuwazuia wageni biashara ndogondogo, saluni na uwakala wa fedha za simu zikiwemo. Wenzetu nao wana yao, orodha ni ndefu. Lakini jamani, hayo yote yanapotokea mtu ana mahali pa kusimama na kusema mmevunja mlichosaini. Tuna mahakama ya Jumuiya pale Arusha. Anayetaka kujitoa anataka tuvunje hata kiti cha kumkalisha mdaiwa.

Nilimpigia mama mkubwa simu jioni ile nilipofika Arusha. Sasa ana miaka 70 na kidogo, masikio yameanza kumsumbua, ilibidi nirudie mara tatu kwamba kuna watu wanataka nchi yetu itoke kwenye Jumuiya. Alipoelewa alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Ni lini? Maana nilisema nitakuja Desemba, kama wanafunga nije mapema."

Nimemwambia aje Desemba tu. Nitampokea Tarakea.