Pete Haibandikwi

Machi iliyopita mteja mmoja aliniletea shafti ya mashine ya kukamulia miwa. Yeye hupika sukari guru huko upande wa Mumias, na shafti yake ya zamani ilikuwa imelika hadi mashine inalia kama inaomba msamaha. Nikamkatia mpya kwenye leithi. Pale mwisho wa shafti, sehemu inayochomoza nje ya fremu ambapo kila mtu ataiona, nikaacha pete mbili nyembamba, nikavunja kingo kwa tupa, nikapiga msasa hadi ikang'aa. Dakika arobaini za ziada, hivi. Jamaa akaipokea, akaigeuza, akaniuliza:

"Fundi, na hizi duara zinaongeza nini?"

Nikamwambia ukweli: haziongezi kitu.

"Basi punguza mia tatu."

Nikapunguza. Wenzangu bandani walicheka wiki nzima. Hadi leo nikiinama sana juu ya kazi, kuna mmoja ataniuliza, "Buda, hiyo inaongeza nini?" Nimechoka kucheka nao. Nataka kulijibu hilo swali hapa, kwa sababu si la mteja mmoja. Ndilo swali linaloua kazi ya mikono Kakamega na kwingineko, na wengi wenu mnaosoma hii kwenye simu mnaliuliza pia, ila kwa lugha laini zaidi.

Jibu langu linaanzia kwenye bunduki. Usishtuke, sina bunduki na sitaki. Usiku baada ya ile mia tatu nilikuwa nimelala naangalia video kwenye YouTube, nikakutana na mzee mmoja Mmarekani anayetengeneza bunduki za kuagiza, zile za kupakia risasi moja moja. Sehemu hiyo alikuwa anashughulikia mtutu tu, tena sura yake ya nje. Sehemu ya nyuma ya mtutu ina pande nane. Sehemu ya mbele ni ya mviringo, inapungua unene polepole kuelekea mdomoni. Katikati, pale pande nane zinapokwisha na mviringo kuanza, kuna pete. Pete hiyo kwa risasi ni bure kabisa. Haiongezi kasi wala shabaha.

Nilidhani ameivisha. Nilidhani amekata bangili pembeni, akaisukuma hadi mahali pake, akaichomelea, kama ambavyo mimi ningefanya. Nikarudisha video nyuma. La, pete ilikuwa mle tangu mwanzo. Mzee alianza na chuma kinene kuliko mtutu unaohitajika, akaondoa chuma mbele ya pete na nyuma ya pete, akaiacha yenyewe. Pete ni kile alichoamua kutokukiondoa.

Nililala saa nane usiku.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika tupa, niwaeleze ugumu uko wapi. Mashini inaweza kukata pande nane vizuri tu. Lakini jino la mashini ni la mviringo, kwa hiyo kila upande unapofika kwenye pete, linaacha kona ya duara, kama kijiko kilichozamishwa kwenye uji mzito. Pande nane, kona nane chafu. Hapo mashini imefika mwisho wake. Inaingia tupa yenye ubavu mmoja usio na meno, ili ikate upande bila kuijeruhi pete. Mzee anapaka chaki kwenye meno ya tupa ili vumbi la chuma lisigande na kuchora mikwaruzo. Anapiga mara chache, anapangusa, anainua kwenye mwanga, anarudi. Upande mmoja ukizama kwa unene wa unywele kuliko jirani yake, mstari wanapokutana unapinda, na jicho linauona kabla vania haijauona. Hakuna pa kuficha. Huwezi kujaza kwa welda. Huwezi kupaka rangi. Ukizidisha, umezidisha, anza upya na chuma kingine.

Kwa hiyo ile pete inaongeza nini? Inaonyesha kwamba aliyeshika chuma hiki alijua mwisho wake kabla ya kukianza. Kama kwenye pete, ambapo hakuna aliyemlazimisha, hakudanganya, basi una sababu ya kuamini kwamba hata ndani, ambapo huwezi kuona, hakudanganya. Nadhani mteja wangu wa sukari guru alikuwa na sababu hiyo hiyo ya kuniamini, akaitupa kwa mia tatu.

Sasa najua mtaniambia nini. Kwanza: wewe unasifia bunduki? Wewe, mtu wa Kakamega?

Pingamizi halali, na sitalikwepa. Mumias, huko huko anakotoka mteja wangu, iliwahi kuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu. Mwindaji Mskoti W.D.M. Bell, yule waliyembandika jina Karamojo, alipitia Mumias kuelekea Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita. Alipokuja Afrika Mashariki mara ya kwanza bado kijana mdogo, akiua simba kwenye ujenzi wa reli ya Uganda, alikuwa na bunduki ya risasi moja. Kabla hajastaafu alikuwa ameua ndovu zaidi ya 1,000. Leo ingia msitu wa Kakamega utafute ndovu. Utapata vipepeo na nyani. Na mwaka 1895 pale Chetambe, karibu na Webuye, Wabukusu walipojifungia kwenye ngome yao dhidi ya jeshi lililoongozwa na Waingereza, hakuna aliyekuwa upande wa pili wa mtutu akiangalia kama kingo zake zimepigwa tupa vizuri. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na kutengeneza bunduki bila leseni ni jinai. Sina ugomvi na hayo yote.

Lakini swali langu ni jingine. Kwa nini huko kwao mkono umehifadhiwa kwenye bunduki, huku kwetu haujahifadhiwa hata kwenye jembe? Oman utaona wanaume kwenye sherehe wamebeba Martini-Henry, bunduki ya risasi moja ya Waingereza wa karne ya 19, mtutu umefungwa mikanda ya fedha ya mafundi wao. Chuma kilikuja kimetengenezwa na wengine, wao wakakiongezea heshima. Kwa upande mwingine, chukua gobole, kama wanavyoliita Tanzania: bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, kazi ya mhunzi wa kijijini. Lile linalotengenezwa kwa kujificha ni baya kwa sura, na si kwa sababu mhunzi hana mkono. Anafanya usiku, anafanya haraka, na hataki ajulikane. Nani atapamba kitu ambacho hataki kukiwekea jina lake?

Hapo ndipo panaponichoma. Mimi sitengenezi gobole. Natengeneza shafti, puli, bawaba za geti, meno ya kinu cha posho. Ni kazi halali, mchana kweupe, kando ya barabara. Lakini tunazifanya kama watu wanaojificha: haraka, bila jina, tukiomba mteja asirudi. Sisi tunajificha bei. Mteja ametukaba shingo hadi dakika arobaini ni wizi, nasi tumekubali, tukaita ukosefu wa aibu huo "jua kali".

Pili mtaniambia: urembo ni wa matajiri, sisi tuna njaa. Hilo nalikataa kabisa, tena nalikataa nikiwa na njaa. Simama stendi uhesabu matatu. Mtu ana mkopo wa gari shingoni, na bado amelipa msanii amchoree mbavu zote mbili, ameweka taa za rangi hadi chini ya viti. Nenda kwenye mageti ya Milimani, uone maua ya chuma. Sisi si watu tusiolipia urembo. Tunalipia sana. Tunalipia urembo wa kubandika.

Yale maua ya geti fundi hakuyafua. Yalinunuliwa dukani kwa dazeni, yakachomelewa juu ya fremu iliyopinda, yakapakwa rangi ya dhahabu ili yafunike mshono. Geti likianza kuanguka, maua yatakuwa bado yanachanua. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia. Kuna urembo unaokuja mwishoni kufunika, na kuna urembo unaobakizwa tangu mwanzo, ambao hauwezi kuwepo kama kazi ya chini yake ni mbovu. Ule wa kwanza tunaununua kila siku. Ule wa pili tunauuliza unaongeza nini.

Wala msiniambie kubakiza ni mambo ya Wazungu. Majembe ya wahunzi wa Samia yalitembea magharibi yote hii, yakalipiwa mahari, kabla jembe la kiwandani halijashushwa kwenye meli. Jembe halilipiwi mahari kama linaaibisha. Na isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huchongwaje? Unachukua gogo, unatoa mti wa ndani. Ukuta wa ngoma ni mti uliobaki. Ukitoa kupita kiasi hakuna gundi itakayorudisha sauti. Babu zetu walijua kubakiza kuliko yule mzee wa YouTube. Tunacheza ngoma hiyo kwenye kila mazishi, halafu Jumatatu tunarudi kuchomelea maua.

Tatu mtaniambia: tuko karne ya kompyuta, kuna mashini zinazokata zenyewe, tupa ya nini? Mimi napenda mashini. Nikipewa moja leo nitalala nayo kitanda kimoja. Lakini mashini hukata ulichoifikiria, na kufikiria chuma hufundishwa kwa mkono. Chuoni nilikosomea tulipewa kipande cha chuma tukipige tupa hadi pande sita zikae sawa. Tulikuwa wanne kwa vaisi moja, tupa zimeisha meno, na mwalimu mwenyewe alituambia hiyo ni adhabu ya wiki tatu tu, tuvumilie, kazi ya maana inakuja. Ilikuwa ndiyo kazi ya maana. Niligundua nikiwa na miaka 27, kwenye simu, kutoka kwa mtu wa bara jingine.

Serikali nayo, Aprili 2021, ilizindua kiwanda cha silaha ndogo Ruiru, tukaambiwa kina uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kwa hiyo Mkenya anaweza kutengeneza mtutu, hilo halina ubishi. Lakini tulichosifia ni idadi. Ndivyo tunavyosifia kila kitu: vijana wangapi wamefuzu, vyuo vingapi vimefunguliwa, madarasa mangapi. Sijawahi kusikia mgeni wa heshima akiinua kazi ya mwanafunzi mmoja kwenye mwanga na kuangalia kama kona zimekutana.

Sasa nataka nini? Siombi huruma, wala siombi mlipe mara mbili kwa sababu fundi ana mashairi kichwani. Nawaomba mbadilishe wakati wa kuuliza. Mkienda kwa fundi, wa chuma, wa mbao, wa nguo, msiulize mwishoni "hii inaongeza nini", maana mwishoni jibu ni kubandika tu. Muulizeni kabla hajakata: utaacha nini? Kisha mpatane bei ya hicho atakachoacha, na mwambieni aweke jina lake mahali linapoonekana. Akikataa kuweka jina, tafuteni fundi mwingine. Na wewe fundi mwenzangu unayecheka, ukiulizwa hivyo na huna jibu, basi mimi na wewe tuna tatizo kubwa kuliko mteja.

Mimi kosa langu la Machi nimelijua. Niliacha pete bila kupatana, nikaziuza kama zawadi, na zawadi usiyoombwa hupunguziwa mia tatu. Juzi kaja mwingine na shafti ya kinu. Kabla ya kuwasha leithi nikamchorea kwa chaki sakafuni: hapa mviringo, hapa pete moja, hapa namba yangu ya simu. Mia mbili zaidi. Akafikiri kidogo, akasema pete sawa, ila namba ya simu iwe kubwa, ili ikiharibika ajue pa kunipata.

Nikamwambia hiyo ndiyo maana yake.