Uso wa Mama Juu ya Bati



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya picha. Sisemi picha za harusi tunazozitunza kabatini, bali picha zilizowekwa nje, juu ya mapaa ya nyumba, zikapigwa na jua na mvua. Jambo hili lilifanyika kwa majirani zetu, mtaa wa Kibera, Nairobi, Januari 2009.

Wengi wetu huku Bunda tuna ndugu waliovuka Sirari kwenda kutafuta maisha Nairobi, hivyo Kibera tunaisikia: nyumba za mabati zilizobanana, na reli inapita katikati. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtaa huo uliumizwa sana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ndipo msanii Mfaransa anayejulikana kwa herufi mbili tu, JR, alipopiga picha za nyuso na macho ya akina mama wa hapo, akazikuza na kuzitandaza juu ya mapaa. Zilifunika mita za mraba 2,000, yaani zaidi ya robo ya uwanja wa mpira. Wengi wa akina mama hao waliwekewa picha zao wenyewe juu ya nyumba zao wenyewe.

Sehemu nyingine msanii huyo alikuwa akibandika karatasi. Kibera alitumia plastiki nzito isiyopitisha maji, kama ile ya mabango ya barabarani. Mvua iliponyesha, picha ikasaidia kuzuia bati lisivuje. Mama aliyewahi kuamka usiku kuhamisha watoto na kutega sufuria chini ya tundu la bati anaelewa thamani yake. Nasi wauguzi tunajua maana ya mtoto mchanga kulala penye unyevunyevu.

Treni nayo haikuachwa. Macho ya akina mama yalibandikwa kwenye mabehewa, na sehemu ya chini ya nyuso zao ikawekwa kwenye mabati katika mteremko ulio chini ya reli. Treni ilipopita, kwa kitambo kifupi macho yalikutana na midomo, uso ukakamilika, kisha ukaachana tena.

Baadaye msanii alisimulia kwamba aliporudi alikuta kipande cha jicho moja kubwa hakipo. Alipouliza, aliambiwa kuwa mwenyewe amehama tu! Nililipenda jibu hilo. Picha ile haikuwa pambo la wageni. Ilikuwa mali ya nyumba.

Alisimulia pia kuwa mama mmoja, paa lilipokwisha kufunikwa, alitania kwamba sasa Mungu anaweza kumwona. Ni utani, lakini una uchungu ndani yake. Hajiri jangwani alijua kwamba Mungu humwona hata mjakazi aliyekimbia, bila picha yoyote. Tunaohitaji kusaidiwa kuona ni sisi wanadamu.

Hebu tutazame picha za nyumbani kwetu. Ubatizo, kipaimara, mahafali: watoto wapo, baba yupo, wageni wapo. Mama yuko wapi? Yuko jikoni anapakua. Siku akifariki, familia inahangaika kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, mwishowe wanakata uso wake kutoka picha ya kikundi ya miaka iliyopita. Haifai mama aanze kutafutwa siku ya msiba.

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu.

Kwanza, mwombe mama yako, mkwe wako au bibi apigwe picha akiwa hai, katika nguo anayoipenda mwenyewe. Isafishwe, na nyuma yake liandikwe jina lake na mwaka. Picha iliyo kwenye simu hupotea na simu.

Pili, tuombe ruhusa kwanza. Hospitalini hatumfanyii mtu upasuaji bila ridhaa yake. Basi tusimpige picha mgonjwa kitandani, mzazi leba, au maskini tuliyempelekea sabuni, kisha tukaisambaza. Tangu mwaka 2023 nchi yetu ina sheria inayolinda taarifa binafsi, lakini hata bila sheria, heshima ya mtu ni yake.

Tatu, kikundi cha akina mama kanisani kinaweza kutundika nje, chini ya baraza, picha za wajane na wazee wetu walioridhia, kila mmoja na jina lake na kazi aliyoifanya: mkunga, mkulima wa pamba, muuza dagaa. Muwafunikie plastiki, mvua zetu mnazijua. Na kama kati yao yuko ambaye nyumba yake inavuja, mchango wa bati utangulie picha.