Mteja Mkali na Ahadi ya Fundi

 

Ndugu Waislamu, juma hili tumeona tuingie gereji. Aijuaye kata ya Nsemulwa, pale Mpanda, anajua ni vijana wetu wangapi wanaotafuta riziki kwa spana na kwa bodaboda. Hivi karibuni tulimkuta huko dereva mmoja akimfokea fundi mbele ya watu, hata akamtukania mama yake. Pikipiki iliingia Jumatatu kwa matengenezo ya klachi. Kila alipokuja aliambiwa "njoo kesho", na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Fundi naye, ambaye msikitini huswali safu ya mbele, alikuwa ameishika spana kwa namna isiyo ya kufungulia bolti.

Waliokuwepo wote walimlaumu mteja. Matusi ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kijana yule si mwenye pikipiki. Ameichukua kwa mkataba, na tajiri wake hudai hesabu kila jioni, chombo kiwe kimetembea au kimelala gereji. Siku 3 za "kesho" kwake ni siku 3 za deni. Na fundi alijua tangu Jumatatu kuwa spea ile haipatikani Mpanda. Alinyamaza ili asimpoteze mteja. Je, mkali huyu alizaliwa mkali, au tulimtengeneza wenyewe?

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), kwamba mtu mmoja alikuja kumdai Mtume (S.A.W.) ngamia wake kwa maneno makali. Masahaba walitaka kumwadhibu. Mtume aliwakataza, akawaeleza kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Tazama: mdaiwa ni Mtume wa Allah, na mdai hana adabu, lakini ukali wake haukuifuta haki yake.

Wanazuoni nao waliliangalia sana suala la mafundi. Imenasibishwa kwa Sayyidna Ali (R.A.) kuwa aliwatoza mafundi dhamana ya mali iliyopotea mikononi mwao, kwa kuwa watu hawangesalimika bila ya hilo. Imam Shafi, ambaye wengi wetu hapa tunafuata madhehebu yake, alielekea kuona kuwa fundi asiyezembea halipi. Hata hivyo mwanafunzi wake, Rabi'i bin Sulaiman, amepokea kuwa Imam hakupenda kuitangaza rai hiyo, akichelea mafundi waovu. Inachekesha kidogo, na inauma pia, kwamba sifa ya mafundi ilikuwa hivyo zaidi ya miaka 1,200 iliyopita!

Hatusemi mteja daima ana haki. Wapo wanaoleta gari limekufa kwa kukosa oili, kisha wamsingizie fundi. Wapo wanaochukua chombo magharibi kwa ahadi ya kulipa asubuhi, wasionekane tena, ilhali Mtume (S.A.W.) ameagiza ujira ulipwe kabla jasho halijakauka. Kwa hao dawa ni kalamu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi chombo kinapoingia, liandikwe daftarini tatizo lake, bei na siku, na spea ya zamani akabidhiwe mwenyewe. Aliyekwama kweli apewe muda, kama tulivyoagizwa katika 2:280. Na mzazi anayempeleka mwanawe gereji kujifunza ufundi amuulize pia anajifunza kuahidi vipi.

Siku ile mzee mmoja alimshika fundi mkono, akamtaka aseme kweli. Akasema: spea iko Tabora, itakuja na basi la Jumamosi. Kijana alikaa juu ya tairi kuukuu, akanyamaza kitambo. Kisha akamwomba fundi radhi kwa lile la mama yake, akatoa simu, akampigia tajiri wake kuomba siku 2.