Lubumbashi: Muuzaji asiyejua chuma cha kipini chake asikitie kwenye pua ya mtoto wa watu

Kwenye masoko ya Lubumbashi, kuanzia soko la Kenya hadi Njanja na kando ya barabara zinazozunguka soko la Mzee Kabila, vipini vya pua vinauzwa vikiwa vimechomekwa kwenye kipande cha sponji, karibu na heleni, mikufu na chaja za simu. Vingine vinang'aa kama dhahabu, vingine kama fedha. Mnunuzi akiuliza ni chuma gani, anajibiwa kwamba ni inoksi, haina shida. Akiuliza ni inoksi ya namna gani, mazungumzo yanaishia hapo. Muuzaji hajui. Aliyemletea muuzaji naye hajui. Lakini kipini kitaingia kwenye nyama ya binti wa miaka 16 na kukaa humo miezi na miezi.

Jambo hili linaitwa urembo, na kwa sababu linaitwa urembo, watu wazima wanalidharau. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Tundu jipya la pua ni kidonda. Kitu kinachowekwa ndani ya kidonda kinapaswa kuchunguzwa kama dawa, si kama kitana.

Na ajabu ni kwamba haya yanatokea Lubumbashi, mji uliozaliwa na madini. Shaba ndiyo iliyouleta mji huu mwaka 1910. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo lote la Katanga liliitwa Shaba. Wachimbaji wa mikono wanajua kwamba jiwe haliuzwi bila kupimwa. Watu wanaweza kugombana siku nzima juu ya asilimia moja ya shaba au ya kobalti. Mji unaojua kupima jiwe namna hiyo unawezaje kukubali chuma kisicho na jina kwenye pua za watoto wake?

Chuma chenye kesi kubwa ni nikeli. Inachanganywa kwenye vyuma vingi vya bei ndogo ili ving'ae na visishike kutu. Ikigusana na jasho na maji ya kidonda, inatoka polepole na kuingia mwilini. Kwa watu wengi mwili unaikataa: ngozi inawasha, inakuwa nyekundu, inatoa maji, kidonda hakifungi. Na mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida utaikataa maisha yote. Binti huyo baadaye atawashwa na kifungo cha jinsi, bakoli ya mkanda, saa ya mkononi. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliweka sheria juu ya nikeli mwaka 1994, na tangu 2004 unadai kwamba chuma kinachoingia kwenye tundu la mwili kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa sentimita mraba kwa wiki. Ngozi ya mtu wa Katuba au Ruashi haina nguvu kuliko ngozi ya mtu wa Brussels.

Hata ile inoksi inayosifiwa kuwa ya hospitali, yenye namba 316L, ina nikeli kati ya asilimia 10 na 14. Ikiwa imetengenezwa vizuri, inaishika nikeli hiyo na wengi wanaivaa bila taabu, lakini mtu ambaye mwili wake tayari unakataa nikeli asiivae kwenye tundu jipya. Chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu ni kibaya zaidi, kwa sababu rangi inabanduka na kinachobaki hakina anayekijua. Fedha inashika weusi ndani ya kidonda. Na shaba, pamoja na heshima yake yote huku Katanga, inageuka kijani ikikutana na jasho. Haina kazi kwenye tundu bichi.

Vyuma vinavyofaa kwa tundu jipya vinajulikana: titani ya kiwango kinachowekwa ndani ya mwili na waganga wa mifupa, niobi, na dhahabu ya karati 14 au 18 isiyo na nikeli. Dhahabu nyeupe iulizwe vizuri, maana mara nyingine nikeli ndiyo iliyoifanya nyeupe. Kuna na jaribio dogo la nyumbani: sumaku ya spika ya redio iliyoharibika. Kipini kikivutwa na sumaku, si titani wala si dhahabu safi, kirudishwe. Lakini kisipovutwa, hilo halithibitishi kitu, kwa sababu inoksi nyingi zenye nikeli nazo hazivutwi. Sumaku inaweza kumkamata mwongo, haiwezi kumtakasa.

Kipimo nacho ni nusu ya usalama. Vipini vingi vya pua vina unene wa milimita 0.8 au 1. Uzi wa chuma mwembamba kuliko hapo unakata nyama kidogo kidogo, hasa ukivutwa na kitambaa au kanga. Kipini cha kwanza kinahitaji nafasi, maana pua itavimba. Kikiwa kifupi, kichwa chake kinazama na nyama inakifunika, kisha munganga ndiye atakayekitoa kwa kisu. Kikiwa kirefu mno, kinacheza, kinanasa kwenye taulo, na tundu linapanuka. Kwa hiyo anayetoboa kwa haki anaanza na kirefu kidogo, halafu baada ya wiki kadhaa, uvimbe ukishashuka, anaweka kifupi kinachokaa sawa. Pete ya duara isubiri tundu lipone, kwa sababu inazunguka na kuingiza uchafu. Anayeuza saizi moja kwa pua zote anauza jeraha.

Kisha kuna bastola ya kutobolea, ile ya plastiki. Inasukuma kipini butu kwa nguvu na kuponda ule mfupa laini wa pua, na plastiki yake haiwezi kuingia kwenye otoklavu, yaani chombo cha mvuke wa nyuzi 121 au zaidi kinachoua vijidudu. Kuipangusa kwa alkoli hakutoshi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Wabinti watano wakitobolewa kwa bastola moja Jumamosi, wa tano amepokea mabaki ya wanne. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho ya anayetobolewa, na itupwe hapohapo.

Watetezi wa biashara hii wana majibu yao, na majibu hayo yanastahili kusikilizwa kabla ya kukataliwa.

Wanasema mabibi walitoboa kwa mwiba na hawakufa. Lakini wale walioumia hawakuandikwa popote, na waliopona ndio waliobaki kusimulia. Tena kwenye pwani ya Waswahili, Lamu na Zanzibar, ambako kipini ni pambo la tangu zamani, sonara alikuwa mtu anayejulikana. Chuma kikileta usaha, mwenye pua alijua aende kugonga mlango gani. Muuzaji wa sponji leo yuko Njanja, kesho hayuko.

Wanasema kipini kizuri ni ghali. Ni kweli. Lakini hesabu haiishii sokoni. Kipini cha bei ndogo kikileta usaha, kuna kulipa kituo cha afya, kuna dawa, kuna siku bila kuuza wala kusoma, na mwisho kuna kovu kwenye uso. Asiye na franga za kipini kizuri ana njia moja isiyolipishwa: kungoja. Pua isiyo na kipini haigonjwi.

Wanasema pia kwamba wakimbizi wana shida kubwa kuliko vipini. Hili ndilo jibu baya kuliko yote. Familia zilizokimbia vita, ziwe zimetoka Mitwaba, Pweto au mashariki ya inchi, zinaishi watu wengi kwenye chumba kimoja, maji ni ya kubeba, na franga ya munganga inatoka kwenye meka ya unga wa bukari. Ni hao hao wasio na nafasi ya kuugua. Na binti aliyepoteza nyumba, shule na marafiki hajapoteza haki ya kutaka kupendeza. Kumwambia afikirie mambo makubwa ni kumwacha peke yake na mtu wa sponji. Kinachomsaidia ni kuambiwa ukweli: asiazime kipini cha dada au cha jirani, hata kikioshwa kwa sabuni, maana damu ya mtu mmoja haihami salama kwenda kwa mwingine kwa sababu tu wanalala mkeka mmoja.

Na kuna wanaosema kwamba anayetoboa pua anatafuta dhambi, basi akiumia ni juu yake. Kila nyumba ina imani yake, na mzazi ana haki ya kukataza. Lakini matusi hayaponyi usaha. Yanafanya binti atobolewe kwa siri, afiche uvimbe, na afike hospitali ya Sendwe akiwa amechelewa. Mzazi akatae mapema na kwa upole, au akubali na kusimamia. Kukataza halafu kufumba macho si malezi.

Wanafunzi nao wafanye hesabu. Tundu la pua linachukua miezi 4 hadi 6 kupona, wakati mwingine zaidi. Likizo kubwa haitoshi. Anayetoboa mwezi wa saba na kulazimika kukitoa kila asubuhi kuanzia mwezi wa tisa kwa sababu ya shule, anakifungua kidonda kila siku kwa mikono yake.

Kwa aliyekwisha kutoboa, utunzaji si mgumu: robo ya kijiko kidogo cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, mikono ioshwe kwanza, mara mbili kwa siku. Si dawa ya meno, si majivu, si mafuta ya mawese, si alkoli. Wekundu ukisambaa, usaha ukitoka, homa ikipanda, ni kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kipini kisitolewe nyumbani, kwa sababu tundu linaweza kufunga juu na kuacha usaha ndani.

Lakini mzigo wote usiwekwe kwa wabinti. Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, ndiyo yenye kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia, na Kasumbalesa ni mlango mkubwa wa bidhaa za mji huu. Wakaaji wana haki ya kuuliza vipini na heleni vinapimwa nini pale. Komini zinazokusanya kodi ya meza kila siku zina haki na wajibu wa kuzuia bastola za kutobolea mbele ya watoto. Vyama vya wauzaji navyo vinaweza kukubaliana jambo moja rahisi: kila kipini kiandikwe chuma chake na unene wake.

Hadi hapo, wamama na wabinti wanashika silaha moja, nayo haina bei. Waulize ni chuma gani, unene gani, sindano iko wapi. Jibu likikosekana hata kwa swali moja, franga zirudi mfukoni. Soko linajifunza haraka sana likiona wateja wanaondoka.