Pazia la Ugenini

Wako wahakiki washikao kwamba wanawake wa Uingereza walioandika hadithi fupi za kutisha katika karne ya 19 walikimbilia Italia, Ujerumani na Ufaransa kutafuta mapambo tu: ngome zilizobomoka, watawa na mbalamwezi. Hukumu hiyo ni ya haraka, tena ni ya uvivu. Ugenini kwao ulikuwa pazia, na nyuma ya pazia ilikuwapo nyumba ya Kiingereza.

Itazamwe “The Grey Woman” ya Elizabeth Gaskell, iliyotoka mwaka 1861. Anna, binti wa msaga nafaka wa karibu na Heidelberg, aliozwa bwana wa Kifaransa, akawekwa ngomeni mbali na baba yake. Usiku mmoja, akiwa amejificha chini ya meza, aligundua kwamba mumewe ni mkuu wa majambazi wauaji. Aliyemwokoa si askari wala hakimu, bali Amante, mtumishi wake, aliyevaa mavazi ya kiume. Na ikumbukwe sheria ya Uingereza ya siku zile. Hadi mwaka 1870 hata ujira wa mke ulikuwa mali ya mumewe. Kwa sheria ya 1857 mume alipata talaka kwa kuthibitisha uzinzi peke yake. Mke ilimpasa kuongeza kosa jingine, kama ukatili. Kifungo cha Anna hakikuwa kigeni, basi, kwa mke wa London. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua.

Walakini pazia lina gharama yake, wala haifai kuifumbia macho. Msomaji aliyependa kujidanganya aliachiwa njia: muuaji ni Mfaransa, na mambo hayo hutendeka ng’ambo. Ili ukweli wa nyumbani usemwe, mgeni alitwishwa dhambi.

Aliyelipasua pazia ni Violet Paget, aliyejiita Vernon Lee, mzaliwa wa Ufaransa aliyeishi sana Italia. Katika kitabu chake “Hauntings” cha mwaka 1890 imo “Amour Dure”, ambamo Trepka, mwanahistoria Mpolandi, anaangamia kwa kumpenda mwanamke wa Italia aliyekufa karne tatu nyuma. Maradhi hayo hakuambukizwa huko. Alikuja nayo moyoni. Lakini katika kitabu hicho hicho imo pia “Oke of Okehurst”, na hapo hakuna bahari ya kuvuka. Ni Kent, Uingereza kwenyewe. Na bwana mwenye nyumba, Mwingereza wa ukoo mwema, anampiga mkewe risasi.

Wanaohesabu minara ya Italia na waseme mnara gani ulimwua mwanamke huyo.