Kinywaji cha shambani ni pembejeo, chagua kwa aina ya kazi

Vijana wenzangu wa kilimo biashara, kuna tabia inanikera. Shambani hakuna hata ndoo ya maji ya kunywa, ila ikifika saa sita mchana mtu anatumwa dukani kuleta enaji, kila kibarua chupa yake. Bosi anajiona kawajali watu. Mimi napinga. Kafeini inamfanya mtu asisikie uchovu, wakati mwili unamwambia apumzike. Kwenye jua kali hiyo ni hatari, na hela umetupa.

Jasho linatoa maji na chumvi, hasa sodiamu. Kwa hiyo angalia kazi kwanza.

Kazi nyepesi au fupi, kama kujaza trei za kitalu, kufunga nyanya kamba au kupanga gredi kivulini: maji safi yanatosha. Huhitaji kununua kingine.

Kazi nzito juani kwa masaa, kama kulima kwa jembe, kuvuna mpunga au kubeba magunia: kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kusubiri kiu. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi mno yanapunguza chumvi ya damu. Chumvi wape kwenye chakula cha mchana. Kama jasho linatiririka masaa mengi na chakula kiko mbali, tumia ORS kwa kipimo cha kwenye pakiti. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwenye presha, kisukari au shida ya figo aulize kwanza zahanati.

Madafu je? Ni mazuri, yana potasiamu nyingi, ila sodiamu ni kidogo. Yanywe pamoja na chakula chenye chumvi.

Kupulizia dawa: ovaroli, glovu na barakoa vinazuia joto kutoka. Pulizia asubuhi mapema. Kabla ya kunywa, toka eneo la dawa, vua glovu, nawa mikono na uso kwa sabuni. Dumu la dawa halibebi maji ya kunywa hata ulioshe mara kumi.

Mtu akianza kuongea ovyo au akianguka, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na mtafute usafiri wa hospitali haraka. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Mnapiga hesabu ya mbegu, mbolea na dawa mpaka shilingi ya mwisho. Ongezeni mstari mmoja: maji, chumvi, sukari na kivuli. Kibarua akidondoka katikati ya mavuno, hakuna mbolea itakayoingiza gunia ghalani.