Nguo ya Kuazima

Mimi pia nilikuwa wa dini ya kukodi. Mtu akisema tujenge mfumo wetu, nilikuwa wa kwanza kumcheka: kwani una pesa ngapi, boss? Kodi, unganisha, songa.

Tulikuwa watu sita kwa chumba kimoja Nairobi, tukiunda programu ya kupeleka mboga kutoka sokoni hadi mlangoni. Mfumo wa kupanga safari za bodaboda hatukujenga. Tulilipia wa kampuni kubwa kila mwezi. Kisha kampuni hiyo ikaanza kupeleka mboga yenyewe, na bei yetu ikapanda mara tatu. Yaani tulikuwa tunamlipa mpinzani ili tumwonyeshe wateja wetu wanaishi wapi. Leo kile chumba ni kinyozi.

Utaniambia tulikuwa wadogo, ndiyo maana. Haya, tumwangalie mkubwa. iPhone ya kwanza, 2007, ilitoka na ramani za Google. Mwaka uliofuata simu za Android zikaingia sokoni, na Google ikawa muuzaji na mshindani kwa wakati mmoja. 2009 Android ikapata maelekezo ya sauti, kona kwa kona. iPhone ikabaki bila. Septemba 2012 Apple ikatoa ramani yake, na manze, ilikuwa aibu tupu. Tim Cook aliomba msamaha hadharani na kuwaambia wateja watumie ramani za wengine huku yao ikirekebishwa.

Watu wa kukodi wanaipenda sana hadithi hiyo, na huikatiza hapo hapo. Mimi naisoma tofauti. Apple haikukosea kujenga. Ilikosea kuchelewa, kisha ikajenga mbio mbio. Na haikurudi kukodi: 2018 ilitangaza inaijenga upya ramani hiyo kwa data yake yenyewe.

Nyumbani je? M-Pesa tunayojivunia ilianza 2007 ikiwa mali ya Vodafone. Safaricom ililipa ada ya leseni, na hadi 2015 seva zilikuwa Ujerumani. Ni 2020 tu ambapo Safaricom na Vodacom waliinunua. Na Vodafone haikuwa hata mpinzani, ilikuwa mwenye hisa. Kama kwa ndugu ilichukua miaka 13, kwa adui itachukua mingapi?

Sisemi ujenge kila kitu. Barua pepe, kodi. Hesabu za mishahara, kodi. Mama mboga halimi sukuma wiki, ananunua Marikiti. Lakini hajawahi kununua kwa kibanda cha jirani anayeuza sukuma ile ile, halafu atarajie faida.

Najua kujenga ni ghali, na cha kwanza kitakuwa kibovu. Cha Apple kilikuwa kibovu, na wao wana mabilioni. Lakini kibovu chako unaweza kukirekebisha usiku. Kizuri cha mwenzako kinazimwa mchana, na wewe unabaki kuandika barua za kubembeleza.

Kwa hivyo kabla hujatia sahihi, jiulize: huyu akinikatia kesho asubuhi, nitafungua duka? Kama jibu ni hapana, hicho ndicho kitu cha kujenga, na anza leo ukiwa bado unakodi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yetu ilivuliwa mchana, wateja wakiangalia.